Sura ya Saba: Poti Moja, Wateja Wawili

Kipanya kilikuwa kinaua simu. Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu la kazi, na mpaka leo sijapata maneno bora zaidi. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Busia upande wa Kenya, katika ghala la kununulia mahindi lililotazamana na barabara iendayo mpakani. Mwenye ghala alikuwa amepata kompyuta ya mtumba, 386 yenye Windows 3.1, akaiweka juu ya meza iliyojaa vumbi la mahindi ili itume faksi za bei na uzito kwa wanunuzi wake wa Nairobi. Modemu ilipiga namba, ikakoroma na kufoka kama ilivyo desturi yake, faksi ikaanza kwenda. Kisha, ghafla, kimya.

"Fundi, hii kitu iko na pepo," mzee alisema.

"Hapana, mzee. Hiyo ni laini," nilimjibu, kwa uhakika wa kijana ambaye hajawahi kuumbuka mbele za watu.

Nilipoteza siku mbili nikiisumbua laini isiyo na hatia. Nilifungua kisanduku cha ukutani, nikakwangua kutu, nikabadilisha waya mpaka kwenye kona ya paa walikojenga njiwa. Siku ya tatu karani aliyeitumia ile kompyuta akatoka kwenda kunywa chai, na faksi ya kurasa tatu ikaenda yote bila kukwama. Akarudi, akaketi, akasogeza kipanya. Simu ikakatika. Tukarudia mara nne: mkono juu ya kipanya, simu inakufa, mkono mapajani, simu inaishi.

Ili kuelewa kisa hicho yabidi tuigeuze kompyuta tuitazame mgongoni. Mashine za nyumbani na za ofisi ndogo za wakati ule zilikuwa na tundu la pini 9 au 25 ambalo mafundi waliliita poti ya siriali. Kanuni yake, RS-232, ni ya mwaka 1960, enzi za teleprinta. Herufi haipiti humo ikiwa nzima. Huvunjwa kuwa biti nane, na biti hizo hupita moja moja kwenye waya mmoja, kama watu wanaovuka mto juu ya gogo. Mbele hutangulia biti ya kusema "nakuja" na nyuma hufuata ya kusema "nimemaliza", kwa hiyo herufi moja hula biti 10. Poti ikikimbia kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, herufi 960 hupita kila sekunde. Kila milisekunde moja hivi, mgeni mwingine anabisha hodi.

Mpokea wageni ndani ya kompyuta binafsi za kwanza za IBM alikuwa chipu ya 8250, nayo ilikuwa na kibaraza cha kukalisha herufi moja tu. Herufi ya pili ikikamilika kabla ya ile ya kwanza kuchukuliwa, ya kwanza hufutika. Haisubiri, hairudi, hailalamiki. Baadaye ilikuja chipu ya 16550A iliyokuwa na nafasi ya herufi 16, na mafundi tuliisifu kana kwamba tumejengewa ukumbi.

Sasa, kompyuta haikai mlangoni kutwa ikingoja hodi. Ina kazi nyingine. Ndiyo maana kila poti ilipewa kengele ya kuikatiza, ambayo kwa lugha ya mafundi ni IRQ. Poti ya kwanza, COM1, ililia kwa kengele namba 4. COM2 ililia kwa namba 3. Watu walipotaka poti nyingi zaidi zikaongezwa COM3 na COM4, ila kengele hazikuongezwa: COM3 ikarithi ile ya 4, COM4 ikarithi ile ya 3. Nyumba ya milango minne, kengele mbili. Kwa ujenzi wa kompyuta za wakati ule, vifaa viwili havikuweza kuvuta kamba moja ya kengele kwa wakati mmoja bila kuvurugana.

Pale ghalani kipanya kilikuwa kwenye COM1. Mizani ya kielektroniki ilikuwa kwenye COM2. Modemu ilikuwa kadi ya ndani, nayo fundi aliyetangulia alikuwa ameipanga kuwa COM3. Karani aliposogeza kipanya, kengele ya 4 ililia, na aliyetoka kuitikia alikuwa msimamizi wa kipanya. Modemu ikaachwa na herufi zake mkononi, na upande wa Nairobi mashine ya faksi ikaona mwenzake amepoteza fahamu, ikakata.

Dawa ilikuwa kidude cha plastiki chenye chuma ndani, kidogo kuliko punje ya mahindi, kilichovikwa juu ya pini mbili za kadi ya modemu. Nikakivua kwenye pini za 4, nikakivika kwenye pini za 5, kengele ambayo haikuwa na mwenyewe, nikaiambia na programu ya faksi. Simu haikukatika tena. Mzee alinilipa, lakini uso wake ulisema wazi kwamba nimefukuza pepo na naona haya kukiri.

Kengele, hata hivyo, ni upande mwepesi wa jambo hili. Ugumu wenyewe unakuja pale programu mbili zinapoitaka poti ileile.

Herufi ikishasomwa kwenye poti, imeondoka. Haifanani na maandishi ya ubaoni ambayo darasa zima linasoma bila kuyamaliza. Inafanana na kikombe cha uji. Chukua ile mizani. Gunia linapowekwa, mizani inatuma kwenye waya herufi nne: tisa, sifuri, nukta, tano. Kilo 90.5. Tuseme programu mbili zimefungua poti pamoja, moja ya kuchapa risiti na nyingine ya kuweka hesabu za ghala, kwenye mfumo unaoruhusu jambo hilo, kama Unix. Ya kwanza inanyakua tisa, ya pili sifuri, ya kwanza nukta, ya pili tano. Risiti inasema kilo 9. Hesabu za ghala zinasema kilo 5. Mkulima aliyeleta gunia lake kwa baiskeli kutoka Samia anatazama karatasi, anatazama gunia, anatazama karatasi. Na uovu mkubwa zaidi ni kwamba mgawanyo huo haufuati zamu. Safari nyingine programu moja itapata zote nne na kila mtu ataapa kuwa mashine ni nzima.

Watu wa Tororo, upande wa Uganda, wangeelewa shida hii upesi, maana mji wao umekaa juu ya shida ya namna hiyo. Chini ya ule mwamba unaoonekana kabla hujafika mjini, reli mbili zinakutana. Moja inatoka Mombasa kwa njia ya Nairobi, Eldoret na Malaba. Nyingine inashuka kutoka Pakwach kupitia Gulu, Lira, Soroti na Mbale. Zikishakutana, zinaelekea Jinja na Kampala kwa reli moja ya upana wa mita moja, ambayo ilifika Kampala mwaka 1931. Kutoka Malaba hadi Kampala ni kilomita 250 hivi za njia hiyo. Treni haipishi kwa kuingia majanini. Zikikutana uso kwa uso katikati ya stesheni mbili, mazungumzo yamekwisha.

Reli za njia moja zililitatua jambo hilo tangu karne ya kumi na tisa kwa kitu cha kushika mkononi. Kila kipande cha njia kati ya stesheni mbili kina kibali chake, kiwe fimbo, kisahani cha chuma au karatasi iliyosainiwa, na kwa wakati mmoja kibali kinachotumika ni kimoja tu. Dereva asiye nacho haondoki, hata kama anaona kwa macho yake kuwa njia ni nyeupe. Uzuri wa mpango huo ni kwamba haumdai dereva akili, unamdai mkono. Ubaya wake ni kwamba dereva akisahau kibali mfukoni akaenda nacho nyumbani, njia imefungwa ingawa haina treni.

Programu za Unix zilizobeba barua kwa modemu zilifanya vivyo hivyo. Kabla ya kugusa poti, programu iliweka faili dogo mahali panapojulikana, jina lake likianza na herufi LCK, na ndani yake ikaandika namba yake ya utambulisho. Nyingine ikija ikalikuta faili hilo, inasubiri. Na ugonjwa ni uleule wa dereva: programu ikifa ghafla, kibali kinabaki, na poti inakaa imefungwa na marehemu. Ndiyo maana iliandikwa namba. Anayekuja anaisoma, anauliza mfumo kama mwenye namba hiyo bado yu hai, na akiambiwa amekufa analifuta faili na kuingia. Lakini kufuli hilo ni la heshima tu. Ni kama kamba aliyofunga mlangoni mtu aliyesafiri: inamzuia mstaarabu. Programu isiyojua desturi inapita na kwenda kunywa uji wa mwenzake.

Kuna hali moja ambayo kibali hakiitoshi hata kikiheshimiwa, na hiyo ndiyo inayonifanya niipende historia hii kuliko zote katika kitabu hiki. Inahusu barua za Kampala na Nairobi kabla ya intaneti.

Mwaka 1984, San Francisco, Tom Jennings alianzisha FidoNet, mtandao wa kompyuta za nyumbani zilizopigiana simu usiku na kupokezana barua. Kila kituo kilishika barua, kikangoja saa yake, kikampigia jirani. Kwa Afrika Mashariki, ambako simu ya nje ilikuwa ghali na laini zilikuwa chache, ulikuwa mpango unaofaa kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Charles Musisi aliendesha pale Makerere kituo kilichoitwa MUKLA. Nairobi kulikuwa na kituo katika shirika la mazingira la ELCI. Mradi wa ESANET, uliogharimiwa na shirika la Kanada la IDRC, uliunganisha kwa njia hii vyuo vikuu vya Kampala, Nairobi, Dar es Salaam, Lusaka na Harare. London, Karen Banks wa GreenNet alishika lango la kuunganisha vituo hivyo na dunia nzima. Mshindani wao alikuwa basi la usiku: bahasha ya Kampala ilivuka Busia chini ya kiti cha dereva na kumaliza zaidi ya kilomita 600 kufika Nairobi asubuhi, kama mpakani hapakuwa na maneno. Simu ya dakika chache ililishinda basi hilo, na haikuombwa kitambulisho.

Kompyuta za vituo hivyo zilitumia mfumo wa DOS, ambao ni wa programu moja kwa wakati mmoja. Lakini simu ikiita, nani anapiga? Huenda ni mashine nyingine imeleta mfuko wa barua. Huenda ni mtu, anataka kusoma ubao wa matangazo. Hizo ni kazi za programu mbili tofauti, zilizoandikwa na watu wasiojuana, na laini ni moja, modemu ni moja, poti ni moja. Basi programu ya barua ndiyo iliyopokea. Ikisikia ni mashine mwenzake, ikabadilishana mifuko. Ikisikia ni mtu, ilitakiwa ijiondoe yenyewe kwenye kumbukumbu ya kompyuta, iache namba ya kuagia ili faili la amri lijue nani afuate, kisha programu ya ubao ipakiwe kutoka kwenye diski na kuendelea na mazungumzo. Sekunde kadhaa. Na muda wote huo mtu yupo kwenye simu.

Hapo ndipo penye waya mdogo uitwao DTR, pini ya 20 kwenye tundu kubwa na ya 4 kwenye tundu dogo. Waya huo ukiwa na umeme, modemu inajua kompyuta iko tayari. Ukizimika, modemu inakata simu. Na programu yenye adabu, inapoondoka, kwa kawaida huzima kila ilichowasha. Adabu hiyo ndiyo ingemkata mteja katikati ya neno.

Suluhisho liliitwa FOSSIL, jina lililounganishwa kutoka kwa programu tatu za enzi hiyo: Fido, Opus na SEAdog. Ilikuwa draiva ndogo inayokaa kwenye kumbukumbu tangu kompyuta inapowashwa na kuishika poti peke yake. Kusudi la mwanzo halikuwa hata hili. Waandishi walitaka programu zao ziweze kwenda kwenye mashine zisizofanana na IBM, kama Rainbow ya DEC. Draiva mbili za FOSSIL zilizopendwa zaidi ziliandikwa na Ray Gwinn, aliyeiita X00, na David Nugent, aliyeiita BNU. Programu ikitaka poti haikuigusa chipu. Ilipiga hodi kwa draiva, draiva ikaitikia kwa namba ya siri 1954, na tangu hapo ilichukua herufi zilizowekwa akiba na kuacha zile za kutumwa. Herufi zilizofika wakati programu moja imeondoka na nyingine haijafika zilikaa kwa draiva, zikingoja.

Waraka wa masharti ya FOSSIL una mstari mmoja ambao ningeuwekea fremu ukutani. Unahusu wito ambao programu inapiga inapoaga poti. Unasema kwamba wito huo hauigusi DTR. Basi. Programu inakwenda zake, mlango unabaki umeegeshwa, na anayefuata anakuta simu bado i hai. Watu wa riadha hukuita huko kupokezana kijiti. Mtu aliyepiga Makerere usiku hakujua kuwa aliyemsabahi na aliyemwonyesha matangazo walikuwa wawili, wala kwamba kati yao kulikuwa na kimya cha mashine isiyoendesha chochote ila draiva ndogo iliyoshikilia waya mmoja usizimike.

FidoNet iligawana laini kwa saa pia. Kila ukanda wa dunia, Afrika ukiwa wa tano, ulitenga saa moja ya barua ambayo kituo kililazimika kupokea mashine tu. Binadamu akipiga saa hiyo anaombwa apige baadaye. Wapenzi wa kompyuta walikubaliana hilo na wakalifuata miaka mingi.

Mashine nyingine zilikwenda njia zao. Amiga ya 1985 iliweza kuendesha programu nyingi pamoja, na draiva yake ya siriali ilimtaka kila anayefungua poti aseme mwanzoni kama yuko tayari kushirikiana. Asiposema, poti ni yake peke yake. Windows ya leo ni kali zaidi: anayeiwahi poti ndiye mwenyewe, wa pili anaambiwa amekataliwa. Watu huuona ukali huo kuwa ubovu. Mimi naona ni sawa. Mashine inayokataa waziwazi ni bora kuliko inayokubali halafu inamwandikia mkulima kilo 9.

Nikipita mpakani Busia siku hizi naikumbuka ile draiva. Zamani ulipanga foleni Kenya ili utoke, ukavuka kile kipande kisicho cha mtu, ukapanga foleni nyingine Uganda ili uingie. Kipande hicho ndicho kilichotuzalia neno boda boda: vijana wa baiskeli wa Busia na Malaba waliwabeba watu kutoka kituo hadi kituo, "boda" hadi "boda", na neno likapanda baiskeli hiyo likaenea Afrika Mashariki. Tarehe 24 Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja. Sasa anayekwenda Uganda anavuka kwanza, kisha katika jengo la upande wa Uganda anamkuta afisa wa Kenya wa kumgongea kutoka, na dirisha la pili afisa wa Uganda wa kumgongea kuingia. Nchi hazikuungana, kila moja ina muhuri wake. Kilichohitajika ni sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kumruhusu afisa atumie sheria za kwao akiwa kwenye ardhi ya jirani. Msafiri anapokezwa bila kushushwa chini.

Na lile ghala la mahindi? Kompyuta ya 386 ilikwisha zamani, ila RS-232 haijafa. Mizani nyingi za magunia zinazouzwa leo bado zina tundu lile la pini 9 mgongoni, hata kama waya wake unaishia kwenye kidude cha USB. Mwenye ghala anataka uzito uende kwenye programu ya risiti, na uleule uende kwenye simu ya mwanawe aliye mbali. Anafungua ya kwanza, inafanya kazi. Anafungua ya pili, inakataa. Anaita fundi, na fundi kijana anasema waya ni mbovu.

Waya ni mzima, kijana. Weka programu moja tu ishike poti, nayo igawe uzito kwa wengine wote watakaouuliza. Nawe msomaji, ukienda kununua mizani, usiulize inabeba kilo ngapi tu. Muulize muuzaji: programu yenu ikishaifungua poti, programu yangu nyingine itaupata uzito kwa nani? Akikutolea macho, rudi nyumbani na pesa zako.